Msimwokoe nzi kwa kumtoa nyigu kafara

Picha ile imerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima. Mdudu mkubwa wa manjano mwenye mistari myeusi ametua juu ya kiganja cha Mzungu (kiganja hicho peke yake kingetosha kututia shaka), na chini yake kuna onyo kwa herufi kubwa: nyigu muuaji ameingia Uganda, akikuchoma hufiki hospitali, watumie jamaa zako wote. Safari hii masahihisho hayakuchelewa. Wajuzi wa wadudu, pamoja na vijana kadhaa wenye programu za kutambua viumbe kwenye simu zao, walijibu kwamba huyo ni nzi, hana mwiba, hamdhuru mtu, kwa hiyo asiuawe. Watu wakashukuru, wakacheka, mjadala ukafungwa. Mimi naona ulifungwa mapema mno. Jibu lile ni sahihi kuhusu mdudu wa pichani na ni baya kuhusu shamba, kwa sababu ukimwambia mkulima "huyu si nyigu, usimuue," umemwambia pia, bila kutamka, kwamba angekuwa nyigu ingekuwa halali kumpulizia. Nzi wenye sura ya nyigu wanaishi kwa mgongo wa nyigu, na anayetaka wabaki shambani hana budi kumvumilia nyigu mwenyewe.

Tuanze na mshtakiwa. Mdudu wa pichani, kwa jinsi rangi zake zilivyopangika, ni Volucella zonaria, nzi-maua wa Ulaya. Jamii yake, Syrphidae, ina aina zaidi ya 6,000 duniani, na huyu ni miongoni mwa wakubwa wao: urefu wake hukaribia sentimita 2, mgongo wa hudhurungi, tumbo la manjano lenye mikanda myeusi. Hakai Uganda. Hata Waingereza walimwona kwa nadra tu hadi miaka ya 1940, alipoanza kufanya makazi kusini mwa nchi yao, na tangu hapo amekuwa akisogea kaskazini. Umaarufu wake wa sasa ameupata kwa kusingiziwa. Nyigu wa Asia aitwaye Vespa velutina aligunduliwa Ufaransa mwaka 2004, akathibitishwa Uingereza mwaka 2016. Binamu yake mkubwa zaidi, Vespa mandarinia, akaonekana jimbo la Washington nchini Marekani mwaka 2019, magazeti yakambandika jina la muuaji, na hofu ikaenea dunia nzima. Desemba 2024 wakuu wa kilimo wa Marekani walitangaza kwamba amekwisha kutokomezwa nchini mwao, ila tangazo hilo halikupata wa kulisambaza. Katika hofu hiyo kila mdudu mnene wa manjano amekuwa akipigwa picha na kuripotiwa, na nzi huyu ni mmoja wa wanaofananishwa sana na nyigu hao huko Ulaya. Picha yetu ni masalia ya taharuki ya watu wengine, iliyovuka bahari na kubadilishiwa lugha.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyokua. Jike la Volucella zonaria likitaka kutaga huingia kwenye kiota cha nyigu, nyumba ambayo mimi na wewe tungeizunguka kwa mbali, na kwa kawaida wenyeji humwacha apite. Mabuu wakianguliwa hushuka hadi chini kabisa ya kiota, kule zinakorundikana maiti za nyigu, watoto wao waliokufa na mabaki ya chakula, wakala vyote hivyo. Hao ni wafagizi. Ndugu yake, Volucella inanis, ana roho nyingine: buu lake ni bapa, hujipenyeza ndani ya chumba anamolelewa mtoto wa nyigu, likabanana naye ubavu kwa ubavu na mwishowe kumla. Basi nzi hawa wamemkopa nyigu mara mbili. Wamevaa nguo yake ili ndege wasiwaguse, kisha wakapeleka watoto wao wakalelewe kwake. Mtu akiteketeza viota vya nyigu katika bonde zima, kisha akajisifu kwamba nzi-maua wa aina hiyo hakumgusa, atakuwa amejidanganya.

Wetu ni wengine, na nyigu wao ni wengine. Hapa Uganda nyigu anayejulikana na kila mtoto ni Belonogaster, mwembamba, wa kahawia, mwenye kiuno kirefu, anayening'iniza kiota cha karatasi chini ya paa la mabati au juu ya mlango wa choo. Wapo Polistes na Ropalidia, wapo wafinyanzi wa udongo kama Delta na Synagris. Na wapo nzi waliojishonea nguo kwa kipimo cha nyigu hao hao. Mafundi hasa ni wa jenasi za Ceriana na Monoceromyia. Tumbo lao limebanwa mwanzoni hadi likatoa kiuno. Vipapasio, ambavyo kwa nzi-maua wengi ni vifupi mno, kwao vimerefuka na kubebwa juu ya kikonyo mbele ya uso. Ukingo wa mbele wa bawa umetiwa weusi, hivi kwamba linapotulia unadhani limekunjwa kwa urefu, jinsi nyigu anavyokunja lake. Mabuu wao hukulia kwenye utomvu unaovuja kwenye majeraha ya miti na ndani ya miti inayooza. Huko Amerika Kaskazini yupo Spilomyia longicornis, ambaye hakujaliwa vipapasio virefu, basi hunyanyua miguu yake ya mbele myeusi na kuichezesha mbele ya uso ili mtazamaji avione visivyokuwapo. Wengine wakishikwa hupinda tumbo na kukuchokoa nalo kana kwamba wanachoma. Ukishikilia mmoja wa namna hiyo kwa vidole utamwachia, hata ukiwa unajua fika kwamba hana mwiba.

Lakini anayetuhusu zaidi mashambani hana ufundi huo. Ischiodon aegyptius ni mdogo, urefu wa sentimita 1 hivi, ameenea sehemu kubwa ya Afrika, na uigaji wake ni wa juujuu: mistari ya manjano tumboni, basi. Mtazame anapokuwa juu ya ua la kunde au la kishona nguo. Anasimama hewani mahali pamoja, mbawa hazionekani kwa kasi, anaruka pembeni ghafla, anarudi palepale alipokuwa. Akitua utaona mbawa mbili tu, wakati nyuki na nyigu wana nne. Nyuma ya mbawa hizo kuna vijiti viwili vifupi vyenye vichwa, vinavyotetema anaporuka na kumsaidia kujiweka sawa. Macho yamechukua karibu kichwa chote, na kwa dume yamekutana utosini. Kwa nini huyu mdogo anaigiza kwa uvivu na wakubwa wanaigiza kwa ustadi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na wanasayansi wa Kanada ulilinganisha aina nyingi za nzi-maua na kukuta kwamba kadiri nzi alivyo mkubwa ndivyo anavyofanana zaidi na nyigu. Maelezo yao yanaingia akilini. Nzi mnono ni mlo wa maana, ndege yuko tayari kuhatarisha kwa ajili yake, kwa hiyo nguo yake lazima iwe kamili. Mdogo haimlipi ndege kumchunguza, na mistari michache inamtosha.

Msimu uliopita nilisimama na mama mmoja jirani yetu hapa Tororo kwenye tuta lake la sukuma wiki. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, walikuwa wamejaa chini ya majani, na juu yake nzi-maua wanaelea. "Mwalimu, sogea, watakuchoma hao," akaniambia. Nikamweleza. Akasikiliza kwa adabu, kisha akageuza jani akanionyesha kitu kingine: "Na hawa funza wanaonimalizia mboga?" Walikuwa watoto wa nzi wale wale, na alikuwa amekwisha kuponda wengi kwa kidole gumba. Nzi huyu anauawa akiwa mkubwa kwa kufanana na nyigu, na anauawa akiwa mdogo kwa kufanana na kiwavi.

Laiti angelitazama funza mmoja kwa dakika tano kabla ya kumponda. Buu la nzi-maua halina miguu wala macho ya kuona kidukari alipo. Ni kipande laini cha kijani kibichi au cheupe, unaona mpaka matumbo yake yakicheza ndani, nyuma kumenenepa na mbele kumechongoka. Hujishikiza jani kwa sehemu ya nyuma, kisha huyumbisha kichwa kushoto na kulia likipapasa. Likimgusa kidukari humnasa kwa kulabu za kinywani, humnyanyua hewani miguu ikipigapiga, humfyonza hadi abaki ngozi tupu, huitupa ngozi na kuanza upya kupapasa. Mmoja hula mamia kabla hajajifunga ganda na kutoka na mbawa, na wengi hufanya kazi hiyo usiku, ndiyo maana mkulima hawaoni kazini. Huko Uingereza watafiti waliotumia rada walitangaza mwaka 2019 kwamba hadi nzi-maua bilioni 4 wa aina mbili tu huvuka anga ya kusini mwa nchi hiyo kila mwaka, na kwamba watoto wao hula vidukari kwa matrilioni. Mkubwa naye hula maji matamu ya maua na chavua, na katika kula huko anachavusha maua. Kwa mkulima wa maharagwe au kabichi ni mfanyakazi wa zamu mbili ambaye hadai posho.

Sasa turudi kwa ile nguo. Aliyeeleza kwanza jinsi inavyofanya kazi ni Henry Walter Bates, Mwingereza aliyekaa Amazon miaka 11, kuanzia 1848 hadi 1859, akikusanya vipepeo, na mwaka 1862 akachapisha hoja yake: kiumbe asiye na sumu akifanana na mwenye sumu hunufaika na kumbukumbu ya ndege aliyekwisha kuonja ubaya. Hadithi hiyo husimuliwa kila mahali. Isiyosimuliwa ni kwamba mojawapo ya sehemu ambako hoja ya Bates ilipimwa kwa makini zaidi porini ni Ziwa Victoria, upande wetu wa Uganda. Ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 250,000 katika eneo hili kati ya 1900 na 1920, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa kama vya Ssese. Daktari mmoja, Geoffrey Hale Carpenter, aliyeingia utumishi wa tiba wa Uganda mwaka 1910, alipelekwa kwenye visiwa hivyo vilivyobaki ukiwa kuchunguza mbung'o. Mbung'o aliwachunguza, lakini moyo wake ulikuwa kwa vipepeo. Alikuwa akimfuatilia mmoja aitwaye Pseudacraea eurytus, asiye na sumu, anayeiga sura za vipepeo wengine wabaya kwa ladha.

Alichokiona ndicho msingi wa hoja yangu. Bara, karibu na Entebbe, wale wenye sumu walikuwa wengi, na waigaji walifanana nao sawasawa. Visiwani wenye sumu walikuwa wachache kuliko waigaji wao, na huko Carpenter alikuta waigaji wengi wa sura za katikati, zisizofanana na mwenye sumu yeyote. Alivyoeleza mwenyewe ni kwamba pale ambapo mlengwa wa kuigwa ni haba, ndege hapati somo, na asipopata somo hakuna anayewaadhibu waigaji wabovu wala kuwatuza waigaji wazuri. Mtu anaweza kupinga, na kwa sababu za kueleweka. Vipepeo si nzi. Kisiwa kidogo chenye viumbe wachache kinaweza kuzaa sura za ajabu kwa sababu nyingine kabisa, kwa mfano kuchanganyika kwa koo ambazo bara zimekaa mbalimbali, na wasomi waliokuja baada yake wamelijadili hilo. Ndiyo sababu napenda kuweka ushahidi wa pili kando ya ule wa Ssese. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa nyoka bandia waliopakwa mistari ya nyoka wa matumbawe, mwenye sumu kali. Pale ambapo nyoka huyo wa kweli anaishi, wanyama wala nyama waliwaepuka wale bandia. Pale asipoishi, waliwashambulia. Nguo ni ile ile, lakini nje ya himaya ya mwenye nguo ilipoteza thamani.

Ukilileta hilo shambani Tororo au Masaka, maana yake ni hii. Kinda la ndege linalotoka kiotani lina mengi ya kujifunza kuhusu manjano na nyeusi. Hujifunza siku linapomdonoa nyigu na kuchomwa mdomoni, na kuanzia hapo chochote chenye mistari kinaachwa. Kila nyigu anayechoma ndege anawalipia nzi-maua kadhaa ada ya ulinzi. Punguza nyigu, na wanafunzi waliochomwa watapungua, halafu yule Ischiodon mwenye mistari ya uvivu, ambaye tangu hapo alikuwa anaponea chupuchupu, anakuwa kitoweo. Hapo hujamwagia tone moja la dawa.

Upande wa pili una hoja, na baadhi ni nzito. Iliyo nzito kuliko zote ni ya usalama. Nyigu wanachoma kweli, wapo watu ambao mwili wao haukubali sumu hiyo, na mtu wa namna hiyo anaweza kufa kabla boda boda haijafika kituo cha afya. Mtoto wa darasa la pili hahesabu mbawa. Mwenye nyumba akikuta kiota juu ya mlango wa chumba anamolala mama mzee, sitamhubiria habari za Bates. Akiondoe. Ninachokataa ni kuruka kutoka kiota cha mlangoni hadi kila nyigu popote alipo. Belonogaster hachomi kwa kupenda ugomvi. Huchoma akitetea kiota, na akiwa peke yake kwenye ua au kwenye mahindi akisaka viwavi hana habari nawe.

Hoja nyingine ni ya wapenzi wa nyuki, na hapa nakwenda kwa uangalifu kwa sababu ni watu wa upande wangu. Tangu Umoja wa Mataifa ulipoitenga tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, uamuzi uliopitishwa Desemba 2017, uchavushaji umepata sura moja tu, ya nyuki wa asali. Miradi inagawa mizinga, na mtu akiuliza kuhusu nzi anaambiwa nyuki watatosha. Nyuki ni mchavushaji hodari, sibishani. Ana manyoya ya kubeba chavua, huenda ua kwa ua la aina moja, na juu ya hayo analeta asali sokoni. Lakini uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti kutoka mabara matano, ulikuta kwamba wadudu wasio nyuki hufanya kati ya asilimia 25 na 50 ya ziara zote kwenye maua ya mazao. Kwa kila ziara moja wanafanya kazi ndogo kuliko nyuki, ila wanafidia kwa wingi wa ziara. Tena nzi anastahimili baridi na mawingu kuliko nyuki, jambo la maana kwa mtu wa milimani kama Kapchorwa au Kabale. Na mzinga hauli vidukari. Anayempa mkulima mizinga miwili na bomba la dawa kwa mkono mwingine amempa kitu na kumnyang'anya kikubwa zaidi.

Wapo pia wa "nzi ni nzi," wanaosema kwamba hata akiwa na mistari bado ni mdudu wa chooni. Hawa wana punje ya ukweli. Baadhi ya nzi-maua, kama Eristalis tenax anayefanana na nyuki, hukulia kwenye maji machafu, buu likipumua kwa mrija mrefu nyuma unaofika juu ya maji. Watu wa kale wa nchi za Bahari ya Kati waliamini kwamba nyuki huzaliwa kutoka mzoga wa ng'ombe, na karne ya 19 ilipokuwa ikiisha mtaalamu mmoja wa nzi, Osten-Sacken, alieleza kwamba walichokuwa wakikiona kikitoka mzogani ni nzi huyu. (Wapo wanaotaka kumwingiza hata kwenye mzoga wa simba ambamo Samsoni alikuta nyuki na asali katika Waamuzi 14. Mimi simo, kwa sababu nzi hana asali na Samsoni alikula.) Hata hivyo mkubwa wa Eristalis anaishi kwenye maua, si kwenye sahani yako, na maji machafu aliyokulia tulimwaga sisi.

Iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi kwenye maduka ya pembejeo, ni hii: puliza wote, wazuri watarudi wenyewe. Inasikika kama busara ya mtu aliyechoka kubembeleza. Ukiipima kwa kalenda inaanguka. Kidukari jike, kukiwa na joto, huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, na binti zake huanza kuzaa ndani ya wiki moja hivi. Nzi-maua hutaga yai, yai hutoa buu, buu hujifunga ganda, na mpaka atoke mwenye mbawa wa kutaga tena zimepita wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Tena jike la nzi-maua hutaga pale anapokuta vidukari, kwa hiyo siku zote anafika nyuma yao. Ukipuliza dawa kama sipamethrini juu ya wote unawapunguza wote, lakini vidukari wachache waliojificha kwenye mkunjo wa jani wanaanza kuzaa kesho yake bila mtu wa kuwazuia. Baada ya wiki tatu shamba lina vidukari wengi kuliko mwanzo na halina adui yao hata mmoja. Mkulima anarudi dukani, mwenye duka anamwambia dawa ya safari hii iwe kali zaidi. Aliyefaidika na "watarudi wenyewe" ni mwenye duka.

Na nyigu mwenyewe ana kesi yake, hata tukimsahau nzi kabisa. Viwavijeshi vamizi walipofika Afrika mwaka 2016 na kuthibitishwa Uganda mwaka uliofuata, tulikimbilia dawa kana kwamba hakuna kiumbe kinachokula kiwavi. Nyigu wa karatasi wanalisha watoto wao nyama ya viwavi iliyotafunwa. Huko Brazil, jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba nyigu wa jenasi Polistes walipunguza viwavijeshi hao hao kwenye mahindi, wakiwemo waliokuwa wamejificha ndani ya mmea. Hatuna budi kuwa wa kweli kwamba nyigu hatamaliza viwavijeshi peke yake, na kwamba ekari iliyokwisha kuvamiwa haitaokolewa na kiota kimoja kwenye mwembe. Ila kiota hicho kinafanya kazi kila siku ya jua kwa msimu mzima, na sisi tunakichoma kwa tambi ya mafuta ya taa kwa sababu tu tumezoea.

Ndiyo maana nasema jibu la "si nyigu, msimuue" liongezwe urefu. Maafisa ugani wanapofundisha kutambua marafiki wa mkulima, huonyesha mdudu-kibibi na nyuki, kisha wanahamia kwenye mbolea. Waongeze picha tatu: nzi-maua mkubwa, buu lake juu ya jani lenye vidukari, na nyigu. Nyigu awe kwenye ukurasa ule ule wa marafiki, si kwenye wa maadui, pamoja na maelezo ya kiota gani kiondolewe na kipi kiachwe. Kishona nguo na dania iliyoachwa itoe maua pembeni mwa tuta si uchafu wa shamba, kwani nzi-maua wana midomo mifupi na maua madogo yaliyo wazi ndiyo wanayoyaweza. Dawa ikilazimu, ipulizwe jioni wakati nzi na nyuki wameacha maua, tena kwenye mistari iliyoshambuliwa tu, baada ya kugeuza majani na kutazama kama kuna mabuu wanaopapasa.

Lipo na la lugha iliyoandikwa kwenye chupa za dawa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa mujibu wa azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Onyo la uongo kuhusu nyigu muuaji lilitufikia kwa Kiswahili kinachoeleweka na wengi kutoka Busia hadi Arua. Maelezo ya nani atakayekufa ukifungua kizibo cha dawa, nyuki wakiwemo, mara nyingi yapo kwa Kiingereza, herufi ndogo, nyuma ya chupa, na mwenye duka ndiye anayeyatafsiri anavyotaka. Wizara ya Kilimo inaweza kuwadai waagizaji lebo za Kiswahili na za lugha za mikoa bila kusubiri mwaka mpya wa bajeti, na ianze na dawa zinazouzwa kwa wingi kwa wakulima wa mboga, maana hao ndio wanaopuliza mara nyingi zaidi na ndio vidukari wao wanaorudi haraka zaidi.